Maji ya presha yaliua beringi za baiskeli yangu Kampala, mimi nikamwita fundi tapeli mbele ya watu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko nyumbani na tuliotawanyika.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, na sijatia chumvi. Pale nitakapoonekana mjinga mniache hivyo hivyo, maana nilikuwa mjinga kweli. Nilitaka kungoja hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Nimengoja, haipoi, basi naandika nayo.

Kwa kifupi ni hivi. Kuna fundi wa baiskeli hapa Kampala, mkimbizi kutoka Bukavu, ambaye aliitwa tapeli kwenye group ya watu zaidi ya hamsini. Hakukosa chochote. Aliyeanza kumwita hivyo ni mimi, na nilipotaka kurudisha maneno yangu, nikazuiwa.

Sasa tuanze mwanzo.

Mimi ni Mkenya, niko Kampala mwaka wa saba sasa. Nauza rangi za nyumba kwa jumla na nakaa Kisugu. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye gari na kuongea na simu, tumbo likaanza kunitangulia, daktari akanionya. Ndipo nikanunua baiskeli kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao.

Si baiskeli ya kubebea matoke, wakuu. Ni full suspension, ile ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma.

Kwa wasiojua: hii baiskeli fremu yake si kipande kimoja. Sehemu ya nyuma imekatwa, ikaunganishwa na ile ya mbele kwa viungo, ili gurudumu lipande na kushuka kwenye mashimo huku wewe umetulia. Kwenye kila kiungo kuna beringi ndogo, nyingine hazizidi sarafu kwa ukubwa. Yangu inazo kumi. Tano upande wa cheni, tano upande wa pili. Kumbukeni hizo pande mbili, ugomvi wote uko hapo.

Beringi hizo zikiwa nzima hutazisikia kamwe. Zikianza kufa, baiskeli inalia kama kitanda cha gesti. Zikifa kabisa, nyuma inachezacheza, na ukiwa kwenye mteremko unaweza kuelekea upande ambao hukuuchagua.

Basi nikajiunga na group ya waendesha baiskeli. Tunatoka Jumamosi asubuhi, tunapiga njia za vumbi huko nje ya mji, tunarudi saa sita mchana. Watu wazuri, wa kila aina: Waganda, Wakenya, Wakongo wawili watatu, mwalimu, mhasibu, nesi.

Admin wetu tunamwita Ssalongo. Hilo si jina, ni heshima ya huku Buganda kwa baba aliyezaa mapacha. Ssalongo ana washing bay pale Lubaga, kubwa, mashine tatu za maji ya presha, zile zinazong'oa tope kwenye chasisi ya lori. Ride zetu zote zinaishia pale. Anatuoshea baiskeli bure, ndiyo zawadi yake kwa group, nasi tunakaa kwenye benchi tunakunywa chai na kula rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai.

Mjue kitu kimoja kuhusu mji huu. Kampala ina udongo mwekundu unaonata kila mahali, na kwa sababu hiyo watu wake wanachukia uchafu kuliko mji wowote niliokaa. Mtu anatembea na kitambaa cha viatu mfukoni. Anafika mlangoni pa ofisi, anafuta viatu kwanza ndipo anasalimia. Kurudi mtaani kwako na baiskeli iliyojaa tope ni aibu, majirani watauliza kama ulianguka mtaroni. Kwa hiyo hakuna aliyeondoka Lubaga bila kuoshewa, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kuna ubaya.

Jamaa wa mashine wanajua kazi yao, siwasemi. Waliambiwa waoshe, wanaosha. Wanaegemeza baiskeli ukutani huku cheni ikiwa imewaelekea, kwa sababu cheni ndiyo chafu zaidi, halafu wanasogeza mdomo wa bomba karibu kabisa na kupiga. Ule upande mwingine unapata mapito mawili tu ya haraka. Baada ya hapo baiskeli inang'aa mpaka unaipiga picha.

Mwaka jana yangu ikaanza kulia. Mwenzetu mmoja akanielekeza Kawempe kwa Papa Bahati.

Papa Bahati ni mtu wa makamo, mrefu, haongei sana. Bahati ni binti yake wa kwanza. Anakaa chini ya kibanda cha mabati kando ya wauza vipuri vya bodaboda, na meza yake ni safi kuliko meza ya hospitali fulani nilizopita. Siku ile nilikaa nikamtazama akifanya kazi, na nawaambia sijaona fundi wa namna ile hapa.

Mafundi wengi wanagonga beringi kwa nyundo. Unawapa beringi, wanaiweka kwenye tundu, pa pa pa, imeingia, lete ya pili. Papa Bahati hana nyundo mezani. Amejitengenezea kifaa chake: bolti ndefu yenye nyuzi mwili mzima, nati mbili, na visahani vya chuma alivyochongesha kwa saizi mbalimbali. Anakaza nati polepole, beringi inaingia imenyooka bila kelele.

Nikamuuliza kwa nini haweki nyundo. Akanionyesha kwa kidole kwamba beringi ina duara la nje na duara la ndani, na katikati kuna gololi. Ukisukuma kwa duara la ndani, unaziumiza gololi kabla hata baiskeli haijatoka kwa fundi. Lazima usukume duara la nje peke yake.

Kabla ya kuziweka alifungua raba za pembeni kwa ncha ya wembe, moja moja, akajaza grisi nzito ya kuzuia maji karibu mpaka juu, akazifunga. Akaniambia kiungo hiki hakizunguki kama gurudumu, kinayumba kidogo tu mbele na nyuma, kwa hiyo grisi nyingi haileti shida. Kumi zote, alifanya hivyo.

Halafu akaniambia neno moja nikiwa naondoka.

"Papa, mayi ya nguvu hapana. Ndoo na kitambaa tu. Umesikia?"

Nilisikia wakuu. Nikaitikia vizuri kabisa, "Sawa Papa Bahati." Jumamosi iliyofuata nikapeleka baiskeli Lubaga kwenye maji ya nguvu.

Msiniulize kwa nini. Nilijiambia fundi ana tahadhari za kifundi tu, kama dobi anavyokwambia usikaushe shati juani. Tena niliona haya kumkatalia Ssalongo zawadi yake mbele ya watu. Nikajiona nitaonekana najidai.

Kama miezi minne ikapita hivyo, na mvua ilikuwa nyingi.

Siku ya siku tuko kwenye mteremko wenye mawe, nikasikia nyuma inagonga, ko, ko, ko. Nikafunga breki. Gurudumu la nyuma likahama kidogo kushoto kama lina safari zake. Nikaenda chini. Kiwiko kikachubuka vibaya, simu ikapasuka kioo, na mbele yangu alikuwa Prossy, nesi wa group yetu, aliyeniona nikiviringika mpaka mwisho.

Aibu na maumivu pamoja, damu ikachemka. Nilipofika pale chini nikashika tandiko, nikainua nyuma ya baiskeli kidogo kidogo. Inacheza. Beringi mpya za miezi minne tu, zimekufa!

Sikungoja nifike nyumbani. Nikiwa nimekaa kwenye jiwe, damu inatiririka kwenye mkono, nikaandika kwenye group. Naweka hapa nilichoandika kwa sababu nimeahidi ukweli:

"Yule Mkongo wa Kawempe ni tapeli. Ameniwekea beringi za kuokota. Leo karibu niuawe. Msimpelekee baiskeli zenu."

Nikaweka na picha ya kiwiko.

Basi, kama mjuavyo group zilivyo. Kabla sijamaliza kufuta vumbi, ujumbe ishirini. Mmoja anasema hata yake inalia, naye alipeleka kwa huyo huyo. Mwingine naye. Mwingine akatoa picha ya Papa Bahati sijui aliipata wapi, akaizungushia duara jekundu kama picha ya mwizi. Kisha Ssalongo akaja kufunga kesi: "Thank you for exposing him. Hawa watu wa kukimbia vita, hauwezi jua kwao alikuwa nafanya nini."

Niliposoma hiyo ya Ssalongo niliirudia mara mbili. Mimi mwenyewe ni mgeni hapa. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa imepata watu wa kuishangilia, nikaweka kidole gumba juu na kuacha hivyo.

Jumatatu nikapeleka baiskeli Kawempe. Sikwenda kutengenezewa, nilikwenda kugomba.

Nikagomba kweli. Wauza vipuri wakasimama kutazama. Nikasema kila nililoweza kusema, kwa Kiswahili cha Nairobi na Kiganda changu kibovu, mpaka nikaishiwa pumzi. Papa Bahati alikuwa amesimama mikono nyuma. Nilipomaliza akavuta kiti.

"Ikala, Papa. Tuifunguwe wote wawili."

Akatoa gurudumu. Akatoa shokapu. Akafungua bolti za viungo moja moja na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio, upande wa cheni huku, upande mwingine kule. Beringi akazitoa zote kumi kwa kile kifaa chake, akazilaza juu ya gazeti hilo hilo, tano na tano.

Kisha akachukua moja ya upande wa cheni, akaitoa raba, akaiinamisha.

Yakatoka maji. Maji ya kahawia wakuu, matone matatu manne, na nyuma yake uji wa kutu. Grisi hakuna, hata dalili. Akaniwekea kidoleni nijaribu kuizungusha, haizunguki. Ya pili hivyo hivyo. Zote tano.

Akaenda upande mwingine wa gazeti. Akatoa raba. Grisi ile ile ya siku ile, bado ina rangi yake, imejaa. Akaniwekea kidoleni, ikateleza bila sauti. Zote tano.

Akanipa nafasi niangalie. Beringi za boksi moja, zilizowekwa siku moja na mtu mmoja. Tano zimeoza, tano ziko kama mpya.

"Mukono moja ndiyo iliziweka zote," akasema. "Sasa niambiye. Huku kwa cheni, munapiga na nini?"

Nilikuwa naiona ile baiskeli imeegemezwa ukutani pale Lubaga, na bomba limesogezwa mpaka karibu liguse kiungo. Mvua peke yake haiingii pale, ndiyo kazi ya ile raba kuizuia. Lakini maji yanayong'oa tope la lori yanaisukuma raba pembeni, yanaosha grisi yote, halafu yanabaki humo ndani wiki nzima yakipika kutu.

"Ile siku minakuambiya. Minakuambiya ao sikukuambiya?"

"Uliniambia," nikasema.

Wauza vipuri wakarudi kwenye kazi zao. Mimi ningependa ardhi ipasuke.

Nikamwomba msamaha pale pale. Akatikisa kichwa tu, akafunga beringi zote kumi kwenye karatasi, mbovu mbali na nzima, akanipa pamoja na bolti za viungo. Ndipo akaniambia kwamba Jumapili yote simu yake ililia. Watu watatu waliokuwa walete baiskeli wiki ile wameghairi. Mwingine alikuja kuchukua yake haijaisha hata kufungwa, akaondoka nayo vipande vipande kwenye buti la gari bila kumtazama usoni. Wateja wake wa baiskeli za namna hii karibu wote ni watu wa group yetu, kwa sababu nani mwingine anazo?

Nikamwambia asijali, leo leo nitaandika, kila kitu kitarudi sawa. Nilikuwa naamini hivyo.

Usiku sikusubiri. Nikaandika ujumbe mrefu, nikaweka picha za zile tano na tano, nikasema wazi: nilimsingizia, kosa ni la kuosha kwa presha, fundi alinionya nikapuuza, naomba tumrudie na tuache maji ya presha.

Ukakaa kama dakika kumi. Halafu ukafutwa.

Nikadhani ni mtandao. Nikaandika tena. Ukafutwa tena. Mara ya tatu nikakuta group imefungwa, ni admin peke yake anayeweza kuandika. Na Ssalongo akaandika: "Hii group ni ya ride, si ya kupigana. Tuheshimiane."

Tuheshimiane!

Wakuu, nikapanda juu kwa kidole mpaka Jumamosi ile. Ujumbe wangu wa tapeli bado upo. Picha yenye duara jekundu bado ipo. Maneno yake ya watu wa kukimbia vita yapo, yana vidole gumba kumi na saba na kimoja ni changu. Uongo wote umebaki, kilichofutwa ni ukweli peke yake.

Nikampigia simu. Nikamwambia, "Ssalongo, mbona unafuta?"

"Ssebo," yaani bwana, "wewe unataka kuniharibia business? Watu nasoma hiyo kitu, kesho nasema mashine ya Ssalongo naua gari."

"Sijasema gari. Nimesema beringi za baiskeli."

"Mimi hapana kataa. Lakini si utengeneze tu na ukae kimya? Yule mutu atapata kazi ingine."

Atapata kazi nyingine! Mtu aliyekimbia nyumba yake, akaja nchi ya watu na kipaji chake mikononi, akajichongea vifaa mwenyewe, wewe unamwambia atapata nyingine, kwa sababu tu unaona haya kuweka kibao kinachosema baiskeli tunaosha kwa ndoo. Si kwamba angefunga biashara. Lori zisingeacha kuja. Angepoteza nini? Sifa ya Jumamosi, basi. Nilikata simu kabla sijasema neno la kujutia.

Nikarudi Kawempe kumweleza Papa Bahati kwamba nimejaribu, wamenifutia. Nilimkuta anaziba pancha ya bodaboda. Hiyo ni kazi halali, sidharau, lakini ni kama kumkuta mshona suti anashona magunia. Kile kifaa chake kilikuwa kimefunikwa na kitambaa.

Nikamweleza yote. Nikamwambia tena pole sana.

Hakuinua kichwa. "Ulinisema mbele ya batu, Papa. Sasa pole unaniletea ku sikio, sisi wawili tu. Inanisaidia nini?"

Hiyo ndiyo sentensi iliyonifanya niandike uzi huu. Lakini kabla ya uzi, kulikuwa na Jumamosi.

Jumamosi ile sikwenda ride. Nilikwenda Lubaga kwa gari mapema, baiskeli nyuma, nikatandika turubai karibu na benchi la chai, nikaweka spana na ile karatasi ya beringi. Walipofika saa sita, watu kama ishirini, wakanikuta nimekaa.

Mimi ni mtu wa kuuza rangi, si wa kuhutubia.

Nikasema kwa sauti, "Jamani, mlisoma nilichoandika juu ya Papa Bahati. Ni uongo. Nilikuwa na hasira nikamsingizia. Alinikataza maji ya presha nami nikaleta baiskeli hapa. Niliandika ukweli mkafutiwa msiuone. Njooni muone sasa."

Nikafungua ile karatasi.

Ssalongo akatoka kwa ofisi yake. "Banange! Wewe Mukenya, hapa si garage. Watu nakunywa chai."

"Waendelee kunywa, Ssalongo. Mimi naongea tu."

"Mashine yangu naosha rori, naosha basi, hakuna kitu nakufa. Sasa baiskeri ndiyo itakufa?"

Watu wakacheka. Niliona wameanza kugeuka warudi kwenye chai yao, na nikajua wakigeuka basi imekwisha, Papa Bahati ataziba pancha mpaka azeeke. Nikaanza kupayuka mambo ya raba na grisi, hakuna aliyesikiliza.

Prossy ndiye aliyeokoa. Yeye ndiye alikuwa wa pili kuandika siku ile kwamba hata yake inalia. Akaisukuma baiskeli yake mpaka kwenye turubai, ina tope bichi la asubuhi, akailaza.

"Fungua yangu, ssebo. Hata yangu nalia. Fungua pande zote, watu waone."

Sina ufundi wowote, lakini kufungua ni rahisi kuliko kufunga, na nilikuwa nimemtazama Papa Bahati mara mbili. Nilifungua kiungo kimoja tu, cha chini karibu na pedeli. Upande wa cheni, nikatoa bolti, nikaingiza ncha ya wembe nikainua raba. Maji ya kahawia yakachuruzika kwenye turubai. Upande wa pili, grisi safi.

Ule mdomo wa bomba ulikuwa umelala chini hatua tatu kutoka pale, na kila mtu aliutazama.

Mhasibu wetu akaenda kutoa baiskeli yake ukutani kabla haijafikiwa. Mwingine akafuata. Hakuna aliyemtukana Ssalongo, huku watu hawatukanani hovyo. Walibeba tu baiskeli zao zenye tope, wengine wakazipakia kwenye magari hivyo hivyo.

Ssalongo hakuomba radhi kwa mtu yeyote. Alisema nimemvunjia heshima nyumbani kwake, na kabla sijafika Kisugu nilikuwa nimeshatolewa kwenye group. Nasikia ule ujumbe wangu wa tapeli mpaka leo haujafutwa. Fikirieni hilo. Mimi siwezi kuufuta kwa sababu siko ndani, na anayeweza hataki.

Lakini wiki iliyofuata Prossy alipeleka baiskeli Kawempe. Mhasibu naye. Baadaye wengine wanne, na mmoja wao ni yule aliyeichukua yake vipande vipande. Prossy ameniambia kile kifaa kimetolewa chini ya kitambaa, na amelazimika kungoja zamu.

Nikafurahi. Nikanunua beringi tano za kuungana na zile tano nzima, zenye namba ile ile iliyochorwa kwenye duara la zile za zamani, na raba pande zote mbili. Nikaenda Kawempe nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza deni lake.

Papa Bahati alinipokea vizuri. Alinipa mkono, akaniuliza habari ya kiwiko, akaniagizia chai. Akaniambia alisikia nilichofanya Lubaga na akanishukuru, kwa moyo, nilimwona. Kisha nikashusha baiskeli.

"Hapana, Papa. Yako sitaishika."

Nikadhani anatania. Nikacheka.

Hakucheka. "Siko na kasirani. Lakini siku ingine itagonga, kesho ao mwaka kesho, juu kila kintu inazeeka. Na wewe utaandika tena. Mimi niko na batoto." Akasukuma kile kifaa mezani mpaka mbele yangu. "Kamata. Nitakuonyesha. Mukono itakuwa yako."

Nikafanya mwenyewe, saa tatu nzima, yeye amekaa pembeni na chai yake. Nikikosea ananyoosha kidole, baiskeli haigusi. Nikasafisha matundu kwa kitambaa mpaka chuma kikang'aa. Nikapaka grisi nyembamba. Nikaanza kukaza ya kwanza ikaingia upande, akasema "toa," nikatoa. Ya tatu nikaiharibu kabisa ikabidi nikanunue nyingine kwa jirani. Nilipomaliza nikainua nyuma ya baiskeli kwa mkono, kabla ya kurudisha shokapu, ikapanda na kushuka bila sauti. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumhudumia mteja.

Tangu hapo nafanya mwenyewe. Kila baada ya miezi miwili mitatu natoa shokapu, nachezesha nyuma kwa mkono, nikisikia kama kuna kokoto ndani nafungua raba, nasafisha, najaza grisi. Naosha kwa ndoo na kitambaa, na tope la kwenye viungo nalitoa kwa brashi ya meno. Majirani waseme watakalo.

Funzo langu wakuu ni hili: ukishaumia, funga simu. Fungua kwanza kitu chenyewe, angalia pande zote mbili, ndipo utaje jina la mtu. Na kama wewe ni admin wa group yoyote, ya baiskeli, ya mtaa, ya kanisa, usiache shutuma ikae ukafuta majibu yake. Ni ukatili, hata ukiuita heshima.

Karibuni mchangie. Wenye baiskeli za aina hii Nairobi, Arusha, Kigali, mnaosha vipi? Wanaotaka kunitukana mimi ruksa, sitajibu. Wa kumtetea Ssalongo nao waje, hao nitawajibu.

Na walioko Kampala wenye kazi ya beringi, nendeni Kawempe, kwenye wauza vipuri vya bodaboda, muulizeni Papa Bahati. Ni fundi bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Ila mkifika, tafadhali, msimwambie kwamba mmetumwa na mimi.